Harufu ya Saa Mbili Usiku: Asumini, Uturi na Watu Wasio na Majina Walioufikisha Mpaka Mara

Pita Sirari siku yenye watu, au nenda Mugumu siku ya mnada. Katikati ya meza za chaja, miwani ya jua na soksi utakuta kisanduku cha kioo chenye vichupa vidogo, kila kimoja na kigololi chake mdomoni. Udi. Miski. Waridi. Asumini. Bei mchekea. Kijana anachukua kimoja, anajipaka nyuma ya sikio na kidogo kwenye kiganja, ananusa, anatabasamu, analipa, anapanda bodaboda. Biashara imeisha ndani ya dakika mbili.

Harufu aliyoondoka nayo imesafiri zaidi ya miaka elfu moja kufika pale, na karibu kila aliyeibeba njiani hakuna anayemjua kwa jina.

Anza na neno lenyewe. Vijana wa mjini wanasema pafyumu. Bibi wa Unguja anasema uturi. Neno hilo limetoka kwenye Kiarabu, na ni ndugu wa damu wa lile ambalo Wahindi hutamka ittar au attar. Yaani bibi wa Ng'ambo akisema uturi na mzee wa Lucknow akisema attar, wanazungumzia kitu kimoja: mafuta mazito ya manukato yasiyo na spiriti, yaliyotokana na maua, mbao na mizizi, ya kupakwa tone moja tu na likakaa siku nzima. Kile kichupa cha kigololi ni mjukuu wake. Mjukuu mwenye tabia zake, lakini hilo litakuja mbele.

KWA NINI UA LISUBIRI GIZA?

Mtu akijiuliza sana ataona ni jambo la ajabu. Ua linajipamba, linatengeneza harufu ya thamani, halafu linafungua duka wakati kila mtu amelala.

Si kila mtu, kumbe. Wapo nondo. Si nondo za ujenzi, ni wale wadudu wanaofanana na vipepeo ambao hutoka jua likizama na kugonga taa za barazani. Nondo hana haja na rangi nyekundu wala zambarau kwa sababu gizani hazionekani. Ndiyo maana maua ya usiku mengi ni meupe au ya rangi hafifu, na nguvu zake zote yameziweka kwenye harufu. Harufu ndiyo bango lao la biashara, na mchana kwao ni kupoteza matangazo bure.

Wilaya ya Serengeti ina maua ya usiku ya kwake mwenyewe, tena makubwa. Mwegea, ule mti unaoning'iniza matunda marefu kama soseji kando ya mito ya mbugani, huchanua usiku. Maua yake ni kama vikombe vya rangi ya damu ya mzee, yananing'inia kwenye kamba ndefu, na kufikia asubuhi mengi yamedondoka chini ambako wanyama huja kuyaokota. Mbuyu nao hufungua maua yake meupe jioni na hayamalizi siku mbili. Lakini hakuna mtengeneza pafyumu aliyewahi kuchanganyikiwa na harufu ya mwegea. Sababu ni mteja. Mwegea na mbuyu hazimwiti nondo, zinamwita popo, na popo anapenda harufu nzito, ya uchachu, kama kitu kilichovunda kidogo. Nondo anapenda tamu. Binadamu, kwa bahati, ana pua inayokaribia ya nondo kuliko ya popo.

Asumini ni ya nondo. Kwenye harufu yake kuna utamu wa tunda, ubichi wa majani, halafu chini kabisa kuna kitu kinaitwa indoli, ambacho kikiwa peke yake na kwa wingi kinanuka vibaya kweli kweli, karibu na choo. Ndiyo hicho hicho kinachoifanya asumini iwe na joto la ngozi ya mtu badala ya kunukia kama sabuni. Watengenezaji wa manukato wanakijua vizuri. Ukikiondoa, ua linakuwa safi na halimvutii mtu.

WALIVYOUKAMATA USIKU KWENYE CHUPA

India ndiyo iliyofanya harufu ya usiku kuwa elimu. Katika karne ya 6 mtaalamu wa nyota aliyeitwa Varahamihira aliandika kitabu kikubwa cha mambo mengi, kuanzia sayari hadi ujenzi, na humo akaweka sura nzima ya kuchanganya manukato. Mnajimu, ujue, si mfanyabiashara wa uturi. Hiyo inaonyesha kujua kunukia kulihesabiwa kuwa sehemu ya usomi. Kamasutra nayo, ambayo wengi wanaifahamu kwa sababu nyingine, inaeleza jinsi mtu mstaarabu wa mjini anavyopaswa kuishi: msandali wa kujipaka, mashada ya maua, kitanda kilichoandaliwa vizuri jioni.

Shida ya asumini ni kwamba haipendi moto. Ukiichemsha ovyo, harufu inakufa. Njia ya zamani ya kuizunguka shida hiyo ni ya akili mno na haihitaji mtambo wowote. Unachukua ufuta uliosafishwa, unatandaza tabaka la ufuta, tabaka la maua, tabaka la ufuta. Machipukizi ya asumini ya aina ya Kihindi, wanayoiita mogra au bela, huchumwa mchana yakiwa bado yamefumba. Yakishachumwa hayafi mara moja. Usiku ukiingia yanafunguka kama vile bado yako mtini na kuendelea kutoa harufu, na mafuta yaliyomo ndani ya ufuta yanainywa. Kesho yake maua yaliyochoka yanaondolewa, mapya yanawekwa. Inarudiwa siku kadhaa. Mwisho ufuta unakamuliwa, na mafuta yanayotoka tayari yana asumini ndani. Wachina wanafanya karibu hivyo hivyo na majani ya chai.

Njia ya pili ina makao yake katika mji wa Kannauj, kaskazini mwa India, karibu na mto Ganga. Katika karne ya 7 ulikuwa makao ya mfalme Harsha. Leo unajulikana kwa uturi. Anayejua mtambo wa gongo ataielewa Kannauj bila kuchorewa picha. Kuna chungu kikubwa cha shaba chenye maji na maua, kimefunikwa na kuzibwa kwa udongo. Chini kuna moto wa kuni na samadi kavu. Bomba la mwanzi linatoka pale hadi kwenye mtungi mwingine wa shaba wenye shingo nyembamba, uliokaa ndani ya maji baridi. Mvuke unapita, unapoa, unashuka. Tofauti na gongo ni kwamba ule mtungi wa pili si mtupu. Ndani yake kuna mafuta ya msandali, na ndiyo yanayoipokea harufu na kuishikilia isiruke. Mtaalamu hana kipimajoto. Anashika shaba kwa mkono, anasikiliza mchemko, anaamua kuongeza au kupunguza moto. Kosa dogo, kazi ya siku nzima imeungua.

Wanatengeneza hata uturi wa udongo mkavu unaoloweshwa na mvua ya kwanza. Mtu wa Tarime anayeijua harufu ya mvua baada ya kiangazi asishangae kusikia kuna watu wanaiuza kwenye chupa.

Majina yaliyobaki kwenye vitabu ni ya wenye nguvu. Abul Fazl, mwandishi wa mfalme Akbar, mwishoni mwa karne ya 16 aliacha maelezo ya manukato ya jumba la mfalme huyo. Mtoto wa Akbar, Jahangir, aliandika kwenye kumbukumbu zake kwamba uturi wa waridi uligunduliwa na mama mkwe wake, Asmat Begam. Huyo alibahatika kuwa na mkwe mwenye kalamu. Aliyekaa mbele ya moto akishika shaba kwa kiganja, yule aliyejua kwa sauti ya mchemko kwamba sasa imeiva, hayupo popote. Wanawake na watoto waliochuma asumini kabla jua halijazama nao hawapo, ingawa kilo moja inahitaji maelfu ya maua, na kila ua limeguswa na kidole cha mtu.

Kitu kimoja cha kusini mwa India kinastahili kusimamishwa hapa. Washairi wa kale wa Kitamil, miaka karibu elfu mbili iliyopita, waligawa dunia ya mapenzi kwa mandhari, na kila mandhari ikapewa ua lake. Asumini ya mwituni, mullai, ilipewa nchi ya misitu na malisho. Watu wake ni wafugaji. Saa yake ni jioni. Hisia yake ni ya mwanamke anayesubiri kwa subira mtu wake arudi. Ng'ombe wanarudi zizini, kengele zinasikika, maua yanafunguka, na yeye hajatokea. Kwa mtu aliyekulia kwenye vilima vya Tarime, au kwenye kijiji chochote cha Mara ambako jioni inapimwa kwa vumbi la mifugo inayorudi, hiyo haihitaji kutafsiriwa. Asumini kwa Watamil haikuanza kuwa ua la hoteli. Ilianza kuwa ua la wafugaji.

BAHARI INAPOINGIA

Asumini ya Kihindi ina siri moja: ikilimwa, kwa kawaida haitoi mbegu. Inaongezwa kwa kukata kijiti na kukichomeka ardhini. Maana yake ni kubwa kuliko inavyosikika. Ndege hawawezi kuipeleka kisiwa kingine, wala maji. Kila mwasumini wa aina hiyo uliopo Unguja, Lamu au Mombasa umetokana na kijiti kilichovushwa na mtu, kikafunikwa kwa kitambaa chenye unyevu, kikapewa maji kidogo kutoka kwenye mgao wa kunywa. Upepo wa kaskazi huleta majahazi kutoka Arabuni na India kuanzia mwishoni mwa mwaka, kusi huyarudisha. Mahali fulani kwenye moja ya majahazi hayo alikuwepo mtu aliyeona kijiti cha ua kinastahili maji yake.

Pwani haikukaa kuyapokea tu. Iliyafanya yake. Kikuba ndicho ushahidi: kishada kidogo cha asumini, rihani, mkadi na vikolombwezo vingine, cha kuvaliwa kifuani au kwenye nywele jioni. Mkadi ni jamaa wa mti ambao Wahindi wanauchemsha kupata kewra. Mlangilangi ukaja kutoka Asia ya Kusini Mashariki, nao harufu yake inakolea usiku, na leo visiwa vya Komoro ni miongoni mwa wazalishaji wakubwa wa mafuta yake duniani. Kuna singo ya kumsugua bibi harusi, kuna liwa inayosagwa juu ya msio, kuna udi kwenye chetezo. Na kuna mkilua, ambao haukutoka India wala Arabuni. Ni mti wa pwani yetu hii ya Kenya na Tanzania, na wanawake walikuwa wakiweka maua yake kwenye nywele na nguo tangu zamani. Mwaka 1970 ulipopewa jina rasmi la kisayansi ukaitwa Mkilua fragrans. Wanasayansi walilichukua jina la Kiswahili kama lilivyo. Jina la mti limeingia kwenye vitabu vya dunia. Waliolibuni hawakuingia.

Zanzibar ya karne ya 19 ndiyo iliyonukia zaidi, na hapo lazima isemwe nani alikuwa anachuma. Sayyida Salme, binti wa Sultani Seyyid Said aliyezaliwa mwaka 1844, alichapisha kumbukumbu zake mwaka 1886 akiwa Ujerumani kwa jina la Emily Ruete. Maisha aliyoyaeleza ya majumba ya Unguja yamejaa manukato, na pia yamejaa watumwa, na vitu hivyo viwili havikuwa mbali na kila kimoja. Kuna mikono iliyochuma, kutunga, kufukiza nguo na kusaga liwa, na mingi haikuwa na hiari. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, na utumwa wenyewe ukapoteza kibali cha sheria mwaka 1897. Ukiona picha ya zamani ya bibi mwenye asumini kwenye nywele, ni haki kuuliza nani aliamka kuitunga.

Baadaye ufundi huo ukashuka mtaani. Wanawake wa Ng'ambo, wengi wao wajukuu wa waliotunga kwa amri, wakajitungia wenyewe, wakauza, wakasomesha watoto. Kikuba kikawa pesa.

MBUYU ULIOKWENDA KUWA MUNGU

Hapa hadithi inageuka, na ni sehemu ambayo watu wengi hawaijui.

Wahindi wana ua la usiku linaloheshimiwa kuliko yote: parijat. Kuna mti halisi wenye jina hilo, wenye viua vyeupe na shina la rangi ya machungwa, vinavyochanua usiku na kudondoka alfajiri. Lakini kuna pia parijat wa hadithi, mti wa mbinguni ambao Krishna aliuleta duniani kwa sababu mke wake Satyabhama aliutaka. Kwenye kijiji cha Kintoor, wilaya ya Barabanki, upo mti mkubwa wa kale ambao watu wanaamini ndio wenyewe. Wanauendea kwa ibada. Unachanua maua meupe usiku.

Mtaalamu wa mimea akiuangalia anaona kitu kingine kabisa. Ni mbuyu. Mbuyu huu huu wa Dodoma na wa Bagamoyo, mti wa Afrika. Mwaka 2015 watafiti waliolinganisha vinasaba vya mibuyu ya India na ya Afrika walieleza kwamba mibuyu ya India ilitoka Afrika, tena iliingia zaidi ya mara moja, kufuata njia za biashara na za watu waliovushwa bahari. Kati ya watu hao ni mababu wa Masidi, Waafrika wa India, waliokwenda kama mabaharia, askari na watumwa. Malik Ambar, aliyezaliwa Ethiopia akauzwa utumwani, alifika kuwa mtawala mwenye nguvu katika Dekani na akafariki mwaka 1626. Huyo jina lake lipo. Aliyebeba mbegu za mbuyu mfukoni, labda kwa sababu tu ubuyu ulikuwa chakula chake cha njiani, hayupo.

Kwa hiyo majahazi yale yale yaliyoleta kijiti cha asumini huku yalipeleka ubuyu kule, na ua la popo la Afrika likaingia kwenye nafasi ya ua takatifu la usiku la India. Harufu yake haijabadilika. Imani ndiyo iliyobadilika.

KUTOKA MOMBASA HADI ZIWANI

Mara iko mbali na bahari, na uturi ulichelewa kuifikia kama bidhaa ya duka. Mlango ulifunguliwa na reli. Mwaka 1901 reli kutoka Mombasa ilifika kwenye Ziwa Victoria, pale panapoitwa Kisumu leo. Zaidi ya vibarua 30,000 waliletwa kutoka India kuijenga. Wengi walirudi kwao, kiasi cha 2,500 walifia kazini. Reli ilipofika ziwani, mizigo ikahamia kwenye meli na mashua, ikazunguka kusini hadi upande wa Wajerumani, ambako kulikuwa na kituo Shirati, sehemu ambayo kwa miaka mingi ilihesabiwa Tarime kabla Rorya haijakatwa kuwa wilaya yake mwaka 2007.

Nyuma ya mizigo walikuja wenye maduka. Neno duka lenyewe walikuja nalo. Jina kubwa linalotajwa ni Allidina Visram, aliyetoka Kutch akiwa kijana mdogo na kuacha mlolongo wa maduka hadi Uganda alipofariki mwaka 1916. Lakini Mhindi wa kawaida wa bara hakuwa Allidina Visram. Alikuwa kijana aliyelala nyuma ya kaunta, kwenye mji mdogo, akiuza chumvi, vitambaa na mafuta ya taa, akijifunza Kiswahili na lugha ya mahali kwa kukosea bei. Mke wake, akija, alikuja na vitu vyake: mafuta ya nywele ya asumini, uturi kidogo, ubani wa sala. Ukuta wa duka ukaanza kunukia kitu ambacho mteja hakuwa na jina lake.

Mwaka 1971 serikali ilitaifisha majengo ya kupangisha nchi nzima, na familia nyingi za Kiasia zikafunga na kuondoka. Maduka yakabadilisha wenyewe. Harufu ikabaki, ila njia yake ikahama: sasa mzigo unapitia Dubai, unashushwa Dar es Salaam au Mombasa, na unaingia Mara kwa basi.

KILICHOMO NDANI YA KICHUPA

Sasa yule mjukuu. Kwa bei ile ya mnadani, uwezekano wa kichupa kuwa na asumini halisi ni mdogo sana. Mafuta halisi ya asumini ni ghali kwa sababu ya hayo maelfu ya maua. Kemia imeziba pengo. Harufu zinazofanana na asumini zinatengenezwa kiwandani kwa wingi na kwa bei ndogo, na si lazima ziwe takataka. Moja iitwayo hedione iliingia kwenye Eau Sauvage ya Dior mwaka 1966 na ikabadilisha kabisa namna wanaume wa dunia wanavyonukia. Hakuna dhambi kuvaa ya kiwandani. Tatizo ni kuuziwa kama uturi wa asili.

Kannauj yenyewe imebanwa. Mafuta ya msandali yamepanda bei hadi mafundi wengi wamehamia kwenye mafuta yatokanayo na petroli na kemikali za kulainishia plastiki kama kishikilia harufu. Wateja wao wakubwa kwa miaka mingi si warembo wala misikiti, ni viwanda vya tumbaku ya kutafuna vinavyotaka kewra na waridi kwa ajili ya ladha.

Na kupanda kwa bei ya msandali ndiko kunakorudisha jambo hili Afrika Mashariki, safari hii kwa shoka. India iliulinda msandali wake mapema. Tipu Sultan wa Mysore aliutangaza kuwa mti wa kifalme mwaka 1792. Ulipopungua na kuadimika, wanunuzi wakatazama msandali wa Afrika Mashariki, Osyris lanceolata, kijiti cha milimani ambacho mtu anaweza kukipita kila siku bila kukiangalia. Mafuta yake yanakaribia kutosha kuziba pengo. Wavunaji hawakati tawi. Wanang'oa na mizizi, kwa sababu mafuta mengi yako kwenye moyo wa shina na mizizi. Tena wanapendelea miti jike, na mti huu una jike na dume mbalimbali, kwa hiyo wanaondoa hasa ile inayozaa. Kenya ilipiga marufuku uvunaji mwaka 2007. Magendo hayakukoma. Mwaka 2013 mkataba wa kimataifa wa CITES uliuweka msandali wa Kenya, Tanzania, Uganda, Rwanda, Burundi na Ethiopia kwenye orodha ya mimea ambayo biashara yake lazima iwe na kibali.

Kuupanda upya si kazi ya mchezo. Mizizi yake inanyonya mizizi ya mmea jirani, hivyo mche ukipandwa peke yake hudhoofu. Unataka mwenyeji wa kumshika tangu utotoni. Anayeng'oa hulipwa kidogo sana, anayesafirisha hulipwa vizuri, na anayekamatwa kwa kawaida ni yule wa kwanza.

Huku hayo yakiendelea, asumini ya mwituni bado inachanua bila kuulizwa. Ipo kwenye vichaka vya Tanzania, inapanda juu ya miti mingine, na viua vyake ni vyeupe kama vijinyota. Wareno waliichukua Afrika wakaivusha hadi Brazili, ikaota huko ikakubali, na mtaalamu aliyeiandika kwa mara ya kwanza aliikuta pale Rio de Janeiro akadhani ni kwao. Akaiita Jasminum fluminense, asumini ya Rio. Kosa lilishagundulika zamani, lakini sheria za majina ya mimea humpa haki aliyetangulia kuandika, kwa hiyo mmea wa Kiafrika unaendelea kutumia jina la mji wa Brazili.